Mkia wa Gari la Daktari wa Meno

Gari lile lilipoingia karakana, kuku wawili wa jirani waliruka ukuta. Lilikuwa gari la zamani la milango miwili, jekundu lililopauka, boneti ndefu, nyuma pana, na injini iliyonguruma kama mtu mwenye kinyongo hata likiwa limesimama. Lilimzidi umri aliyekuwa akiliendesha. Alishuka mwanamume mwembamba mwenye mikono misafi, akafunga mlango taratibu kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Namtafuta Fundi Springi," alisema.

"Umefika," alijibu Shemeji, mdogo wake Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea wateja. "Gari likikosa tiba hapa, jua limekwisha kufa, lipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

Mama Springi alikuwa amechutama kwenye ndoo ya petroli akisafisha nati. Jina hilo alipewa na mtaa kwa ajili ya mumewe, na hakuwahi kulikasirikia. Alisema wapo wanaoitwa vibaya zaidi na wanaitika. Aliinua macho, lakini hakumtazama mgeni. Alimtazama mume wake. Fundi alitoka kwenye kivuli cha banda akifuta mikono kwa kitambaa, akawa anakuja moja kwa moja kuufuata ule mngurumo. Alipopita kwenye nguzo, palipotundikwa koti la kazi, alilipiga koti begani.

"Na wewe, mgeni kaja umesimama tu kama mlingoti!" aliliambia.

Koti likayumba. Shemeji, aliyekuwa upande wa pili wa gari, akaangua kicheko. "Kaka siku hizi anatania hata nguo!"

Fundi naye akacheka, ila alichelewa kidogo. Mama Springi hakucheka. Aliinamisha kichwa, akaendelea kusugua nati iliyokwisha kung'aa.

Mgeni alieleza kuwa yeye ni daktari wa meno, na gari lilikuwa la marehemu baba yake. "Nikikanyaga mafuta, mkia unakwenda kwake na mimi nakwenda kwangu. Kwenye kona ndiyo usiseme. Juzi nimekata kona ya kawaida tu, nusura nyuma itangulie mbele. Na Jumapili nataka kuteremka nalo mlima, kuna maonyesho ya magari ya zamani kule bondeni. Binti zangu wawili nimekwishawaahidi."

"Watakaa nyuma?" aliuliza Fundi.

"Wapi tena? Mbele ana nafasi yake mama yao."

Fundi alilizunguka gari huku kiganja chake kikiteleza juu ya bati. Alifika nyuma, akaegemeza nyonga, akalisukuma mara moja na kuliacha. Gari likayumba, likayumba, likayumba. Aliyahesabu mayumbo yake kwa midomo. Kisha akalala chali, akajisukuma chini ya gari, na wote wakasikia vifundo vya vidole vyake vikigonga chuma, hapa na pale, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba nyingi. Kule chini Fundi hakuwa na haja ya macho. Miaka thelathini alikuwa amefanya kazi ya springi gizani, kwa ncha za vidole.

"Bushi zimekufa," sauti ilitoka chini. "Jani la tatu la springi ya kushoto limepasuka. Shokapu hizi ni mapambo tu. Na jingine, Daktari: gari hili lilipewa nguvu za tembo na kiuno cha nyigu. Injini ikisukuma, springi zinajikunja na ekseli inatoroka kwenda kando. Nitakuwekea chuma cha kukingama, ncha moja kwenye ekseli, ncha nyingine kwenye fremu. Ekseli itapanda na kushuka itakavyo, lakini kwenda kando, haiendi."

Daktari alitikisa kichwa kwa mshangao. "Yote hayo umeyajua kwa kulala hapo dakika mbili?"

"Wewe jino bovu unalijuaje?"

"Naliona."

Chini ya gari chuma kikagongwa tena. "Basi mimi nalisikia," alisema Fundi.

Fundi na mkewe walikuwa wamekwenda kwa daktari wa macho tangu mwaka uliopita, mji mwingine kabisa, ili wasikutane na mtu wa mtaani. Mtoto wa jicho, waliambiwa, macho yote mawili, na la kulia limekwisha kuiva. Dawa yake ni kupasuliwa, jambo la kawaida, watu wanapasuliwa kila wiki na kurudi kazini. Fundi alishukuru, akachukua karatasi ya miadi, akaichana kwenye kituo cha basi.

"Nani atamletea gari fundi aliyefungwa bandeji?" alimwambia mkewe. "Hata nikipona, wataniita kipofu mpaka siku wananizika. Niapie kwamba hutasema."

Naye akaapa. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa macho ya mumewe. Alipanga bolti kwa ukubwa, kila saizi kopo lake. Alisoma namba kwenye maboksi ya vipuri kwa sauti, kama anayejisomea mwenyewe. Walikuwa na lugha yao: akikohoa mara moja, mbele kuna ngazi au shimo, mara mbili, kuna mtu. Wateja walimpa pole kwa kifua. Mmoja alimletea dawa ya kikohozi, akalazimika kuinywa mbele yake.

Shemeji alijua au hakujua? Mama Springi hakuwahi kuwa na hakika. Shemeji alikuwa mtu wa kutazama pale tu palipomfaa.

Kazi ya gari jekundu ilichukua siku tatu. Bushi, zile raba za kwenye springi, zikatolewa zikiwa zimelainika kama mkate uliolowa, zikawekwa mpya. Jani lililopasuka likabadilishwa, na juu yake likaongezwa moja. Shokapu mpya zikafungwa. Yote hayo Fundi aliyafanya vizuri, vidole vyake vikitembea juu ya nyuzi za bolti, na mkewe akianza kufikiri kwamba labda hofu yake ni ya bure. Kisha Alhamisi mchana ikabaki ile kazi ya mwisho, kuchomelea vishikio viwili vya kile chuma cha kukingama, kimoja kwenye ekseli na kimoja kwenye fremu.

Mama Springi alishika taa. Alikwishafundishwa zamani kwamba kuchomelea kuna sauti yake: mafuta yanayokaanga kwenye kikaango, mfululizo, bila pupa. "Chuma lazima kiumwe," Fundi alizoea kuwaambia wanafunzi wake. "Kisipoumwa hakishiki, kinajilaza tu." Kishikio cha ekseli kilikaangika kama inavyotakiwa. Lakini alipohamia kile cha fremu, pembeni pale ambapo mkono haufiki sawasawa, mafuta yalikaanga, yakanyamaza, yakatema mate, yakakaanga tena. Fundi alikuwa akigeuza kichwa huku na huko nyuma ya kinyago, kama kuku anayetafuta punje.

Alipomaliza aligonga magamba yakaanguka. Mama Springi akasogeza taa. Mshono wa kwanza ulikuwa umejipanga vizuri kama magamba ya samaki. Wa pili ulikuwa umekaa juu ya chuma kama nta iliyodondokea meza.

"Mwenzangu," alinong'ona, "hiki cha pili kimeshika?"

"Chuma nilianza kukijua kabla sijakujua wewe."

"Najua. Nauliza tu, tukigonge kidogo."

"Unauliza mbele ya watu?" Shemeji alikuwa amesimama karibu akihesabu vipuri vilivyobaki. Fundi aliokota brashi ya rangi nyeusi, akapapasa mpaka akaupata mkono wa mkewe, akaiweka humo. "Paka rangi. Mwenyewe kesho anakuja."

Akapaka. Alipaka vishikio vyote viwili, cha kwanza na cha pili, mpaka vikafanana.

Ijumaa asubuhi Daktari alilijaribu gari barabarani na Fundi kando yake. Waliporudi, Daktari alishuka akicheka peke yake. Alisema limenyooka kama limewekwa kwenye reli. Alikanyaga mafuta kwa makusudi kwenye kona ya kiwanda cha matofali, na mkia haukutikisika. Ulifuata mbele kama mbwa aliyefundishwa. Aliushika mkono wa Fundi kwa mikono yake miwili, mbele ya wateja wengine wawili.

"Mikono hii," alisema, "ingefaa kung'oa meno."

"Hapana, Daktari. Mimi ninapong'oa kitu, lazima nikirudishe."

Watu walicheka sana. Gari likaondoka. Mama Springi alisimama langoni akalitazama mpaka likapinda, na kadiri lilivyokwenda vizuri ndivyo alivyozidi kutamani liyumbe. Lingeyumba angalau kidogo, mwenyewe angelirudisha.

Jumamosi asubuhi alikuwa anafagia chini ya benchi. Ilikuwa desturi ya Fundi, kabla ya kazi nzito, kuchomelea vipande viwili vya chuma chakavu kwa moto uleule na fimbo zilezile za kuchomelea, kisha avibane kwenye jiliwa na kuvigonga kwa nyundo aone kama vitashika. Kipande cha safari hii kilikuwa pale chini, kizima. Hakikugongwa.

Alikitazama kwa muda. Kisha akakibana kwenye jiliwa, akachukua nyundo ndogo, na kukigonga pigo moja, si la nguvu. Kikaanguka. Upande uliotengana ulikuwa laini unang'aa, bila alama ya kuumwa, kama kigaga kilichobanduka kwenye kidonda kilichokwisha kupona.

Alikipeleka kwanza kwa Shemeji, aliyekuwa mezani kwake pale mbele.

"Hiki ni kipande cha kutupa," Shemeji alisema bila kukishika. "Cha majaribio hicho."

"Ndiyo. Na jaribio limeshindwa."

"Sasa unataka tufanyeje? Tutembee na kipaza sauti? Gari limekwenda, mwenyewe kafurahi. Ukianza maneno hayo, Jumatatu tuuze mahindi ya kuchoma hapa."

"Wewe ulijua kwamba kaka yako haoni?"

Shemeji alifunua daftari lake, akalifunga. "Mimi najua kupokea wateja," alisema.

Fundi alikuwa nyuma ya karakana, kwenye mlango wa nyumba yao ya vyumba viwili, anakunywa chai. Mkewe alimwekea kipande mkononi. Kidole gumba kilipita juu ya ule ulaini, kikarudi, kikapita tena. Akaendelea kukipapasa mpaka chai ikaota ngozi juu.

"Hiki si changu," alisema.

"Ni chako."

"Wewe uliniapia."

"Niliapa kuficha macho yako," alisema Mama Springi. "Sikuapa kuficha watoto wa watu chini ya ardhi."

Akavaa viatu.

Kwa Daktari kulikuwa na chumba cha kungojea chenye viti vya plastiki na watu sita walioshika mashavu. Binti wa mapokezi alimtazama kuanzia miguuni, mafuta meusi kwenye pindo la gauni, mpaka kucha.

"Jino gani?"

"Sina jino. Nina gari."

Mgonjwa mmoja alijaribu kucheka, akaumia.

"Hapa hatutibu magari, mama. Kaa foleni kama wenzako, au rudi Jumatatu."

"Jumatatu itakuwa nimechelewa. Mwambie mke wa Fundi Springi yupo hapa, na haondoki."

Alikaa. Waliitwa watatu, akabaki. Kila aliyepita alivuta nguo yake isimguse. Hatimaye mlango ulifunguliwa na Daktari mwenyewe akatokeza akiwa na glavu mkononi na kinyago kimeshushwa kidevuni. "Kuna nini, Mama? Niliacha kitu?"

Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri. Yote yalimtoroka. "Usiteremke mlima na gari lile," alisema. "Kishikio kimoja hakikushika. Mume wangu haoni."

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwake, na yalitoka mbele ya wagonjwa waliobaki na binti wa mapokezi. Daktari alitabasamu kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Alisema gari linakwenda kama treni. Alisema wiki hiihii amemwona Fundi akifanya kazi. Kisha akavua glavu, akatoa simu, akapiga, na kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na unyevu aliiweka simu juu ya meza ya mapokezi, sauti wazi.

"Fundi, mkeo yupo hapa kwangu. Anasema wewe huoni."

Ilisikika nyundo ya mtu mbali, na pumzi.

"Mwambie arudi nyumbani," alisema Fundi, na simu ikakatika.

Mama Springi alisimama, akajifunga kanga vizuri. Lakini Daktari alikuwa bado anaitazama ile simu. "Hakusema ni uongo," alisema polepole. Kisha akamgeukia yule binti. "Waombe radhi hawa. Nakwenda kuleta gari."

Walilikuta lango la karakana limefunguliwa wazi. Shemeji aliwapokea kwa kelele kabla injini haijazimwa. "Daktari, usimsikilize! Wanawake na ndoto zao! Hapa kuna jina la miaka thelathini, linavunjwa na nini? Na kipande cha chuma chakavu!" Akamgeukia Mama Springi. "Umetuvua nguo, wewe. Umetuvua nguo sokoni."

"Nyamaza," alisema Fundi.

Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, ameshika nyundo. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa amesimama hapo muda mrefu. "Lipandisheni," alisema. "Na mtu yeyote asiniguse."

Walilipandisha kwa jeki, wakaliweka juu ya stendi. Fundi alilala chali, akajisukuma chini. Mama Springi alipiga magoti na taa, ingawa taa haikuombwa. Vidole vilitafuta ekseli, vikapata kishikio cha kwanza. Nyundo ikapiga. Chuma kikalia kama kengele. Ikapiga mara ya pili, ya tatu, kwa nguvu zote alizoweza kukusanya akiwa amelala. Kengele ileile.

"Mnaona?" Shemeji alipiga makofi. "Mnaona?"

Fundi alijisogeza kwenda kwenye fremu. Pigo la kwanza halikulia kengele. Lililia kama chungu chenye ufa. Pigo la pili, kishikio kikabanduka na kumwangukia kifuani, na kile chuma cha kukingama kikaning'inia upande mmoja, kikibembea.

Fundi alitoka chini ameshika kishikio kwa mkono wa kushoto. Ule uso uliotengana ulikuwa unang'aa.

Daktari hakupiga kelele. Mama Springi alitamani apige. Daktari alikwenda kwenye dirisha la gari, akatazama ndani, kiti cha nyuma. Palikuwa tayari na mito miwili midogo na mfuko wa biskuti. Aliviangalia, akaegemea bati kwa paji la uso.

"Mapigo mawili tu," alisema. "Mawili ya nyundo."

"Nisamehe," alisema Fundi. Alikuwa anaongea na mahali ambapo Daktari alikuwa amesimama kwanza, si pale alipokuwa sasa. Daktari aliinua kichwa, akaliona hilo, na hapo ndipo alipoamini kabisa.

"Niitie Cheche," Fundi alimwambia mkewe.

Cheche alikuwa na kibanda chake cha kuchomelea ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwanafunzi wa Fundi miaka minane, mpaka siku Fundi alipomfukuza mbele ya wateja kwa mshono mmoja mbaya, akakirusha chuma chenyewe mtaroni. Tangu hapo walikuwa wanasalimiana kwa kuinua kidevu. Alikuja na mashine yake kwenye toroli. Alikitazama kishikio, akamtazama mwalimu wake, na midomo yake ikawa inataka kusema kitu. Watu walikuwa wamekwisha kujaa langoni kusikia atakachosema.

"Nishikie hapa, Mwalimu," alisema mwishowe. "Usinisogeze."

Fundi akashika. Sauti ya mafuta yanayokaanga ikajaa uwanja, mfululizo, bila pupa, na Fundi akawa anaisikiliza amefumba macho, machozi yakipita kwenye vumbi la mashavu yake. Cheche alipomaliza, alikigonga kishikio mwenyewe, mapigo sita. Daktari alimlipa Cheche mkononi, papo hapo, bila kupitia mezani kwa Shemeji. Kisha akaingia garini na kusema hatateremka mlima Jumapili ile, wala hajui kama atateremka lini. Hakuaga.

Mama Springi alifikiri mabaya yamekwisha. Alikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kipigo, ingawa hakuwahi kupigwa. Fundi aliketi juu ya tairi kuukuu, kishikio kimelala pajani.

"Chukua kalamu," alisema.

"Ya nini?"

"Andika. Trela la yule mwenye matangi ya maji. Lori la mchanga, lile la kijani, springi ya nyuma kulia." Alihesabu kwa vidole. "Basi la shule. Viti viwili vya nyuma na kikono kinachoshika springi."

Kalamu ilisimama. Ndipo Mama Springi alipoelewa. Tangu macho yalipoanza ukungu, Fundi hakuwa amechomelea gari jekundu tu.

"Endelea kuandika," alisema mumewe. "Bado hatujafika katikati."

Walianza na shule. Hawakungoja Jumatatu, walimfuata dereva nyumbani kwake, wakamtoa kwenye chakula. Mkuu wa shule aliwasikiliza akiwa amesimama, hakuwakaribisha hata kwenye kivuli. Mwenye matangi ya maji alicheka, akadhani wanatafuta kazi ya pili kwa ujanja. Mwenye lori la mchanga alimtukana Fundi mama yake, kisha akadai arudishiwe kila alicholipa tangu wafahamiane. Kila mahali ilikuwa ni kusema maneno yaleyale: nilikuchomelea nikiwa sioni, niruhusu nikigonge. Kila mahali Cheche alikuja nyuma na toroli lake. Mishono mingi ilikuwa imeshika. Minne haikushika. Ya basi la shule, ya viti ilishika, wa kikono cha springi ukaanguka.

Shemeji alihamisha meza yake wiki hiyohiyo. Alichukua daftari la wateja na kibao cha langoni, akafungua kwake mtaa wa pili, na kwa kila aliyemuuliza alisema kaka yake amerukwa na akili. Wateja walimfuata. Karakana ikawa na nafasi ya kutosha kuanika nguo.

Katika orodha ilibaki pikapu moja. Ya buluu, kikono cha springi ya nyuma kushoto, ilikuwa ya muuza vitunguu. Walimpata mwenyewe, lakini pikapu aliiuza mnadani miezi mitatu iliyopita. Mnunuzi alilipa taslimu, akapakia magodoro na familia yake, akaondoka siku hiyohiyo. Muuza vitunguu hakukumbuka jina. Alikumbuka kwamba alikuwa mtu wa mbali na alikuwa na haraka. Kwenye ofisi ya magari waliambiwa namba imekwishabadilishwa, na kwamba habari za mteja hazitolewi kwa kila anayepita.

Fundi alipasuliwa macho mwezi uliofuata, la kulia kwanza, kisha la kushoto. Siku bandeji ya mwisho ilipotolewa alimkodolea macho mkewe.

"Umezeeka," alisema.

"Nilikuwa nazeeka mbele yako kila siku. Ulikuwa na shughuli."

Akacheka, na mkewe akacheka, na muuguzi akawaambia wasitikise kichwa. Kidogo kidogo kazi zikarudi, zile ndogo, bushi na shokapu. Za kuchomelea alimpelekea Cheche hata pale ambapo macho yake yalimruhusu. Lakini redio ilipotangaza ajali, popote pale, alizima mashine na kuinua mkono karakana yote inyamaze. "Wamesema gari gani?" aliuliza. "Rangi wamesema?" Redio kwa kawaida haitaji rangi.

Siku moja walikuwa wanatoka kumwona daktari wa macho kule mji mwingine, wanatembea kwenda kituoni, Fundi akasimama ghafla. Mbele ya duka la mbolea iliegeshwa pikapu ya buluu. Mama Springi hakumzuia. Alishika mfuko na kofia, akasimama kando, na Fundi akalala chali vumbini kwenye shati lake safi, akajisukuma chini.

Mwenye pikapu alitoka dukani mbio na gunia begani. "Ebo! Mwizi! Unang'oa nini hapo?"

"Haibi," alisema Mama Springi. "Subiri kidogo, baba. Anatazama tu."

"Anatazama nini kwenye gari langu?"

Yalisikika mapigo matatu ya vifundo vya vidole. Kisha Fundi alitoka, akasimama, akajipangusa magoti. Mkewe alimpangusa mgongo.

"Si yenyewe," alisema.

"Si yenyewe nini?" aliuliza yule mtu. "Mzee, nasema na wewe. Mnatafuta nini?"

Walimwomba radhi, wakaondoka. Walipofika kwenye kona Mama Springi alitazama nyuma. Yule mtu alikuwa ameliweka gunia chini. Alikuwa amepiga magoti vumbini, shavu karibu na ardhi, anachungulia chini ya gari lake mwenyewe.